Kupinga amri ya kurudi ofisini bila kupoteza kazi: kwa wadogo zangu wanaoingia serikali kuu ya Marekani

Wadogo zangu mliopata uraia na sasa mnaingia utumishi wa serikali kuu, swali ninaloulizwa kila tukikutana misibani na harusini hapa Maryland ni kama mtu anaweza kukataa kurudi ofisini. Kupinga kunawezekana, na mimi niko upande wa wanaopinga. Ila pinga ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha ofisini. Ukibaki nyumbani baada ya tarehe uliyoandikiwa, unahesabiwa mtoro, na hakuna kosa jepesi kuthibitishwa kama utoro. Hoja yako inaweza kuwa na sheria nyuma yake, lakini kikao cha nidhamu hakitaijadili. Kitakuuliza kwa nini hukuonekana kazini. Wazoefu wa vyama vya wafanyakazi wana msimamo wa siku nyingi: tii kwanza, lalamika baadaye, tena kwa maandishi.

Kwanza mjue mnashindana na nini. Sheria ya kazi za nyumbani ya mwaka 2010, iliyosainiwa na Rais Obama, iliitaka kila idara iwe na sera yake, na mfanyakazi asaini makubaliano ya maandishi na msimamizi wake. Haikumpa mtu haki ya kubaki nyumbani, ilimpa njia ya kuruhusiwa tu. Korona ilipoingia, ruhusa hiyo ikadumu mpaka wengi wakaiona ni sehemu ya ajira yao. Kisha Januari 20, 2025, siku ileile aliyoapishwa, Rais Trump alisaini waraka wa kuwarudisha wafanyakazi kwenye vituo vyao siku zote za kazi. Siku mbili baadaye OPM, ofisi inayosimamia utumishi wa serikali kuu, ikatoa mwongozo wa utekelezaji. Ulibakiza misamaha mitatu: ulemavu, hali ya kiafya inayostahili, au sababu nyingine nzito iliyothibitishwa na mkuu wa idara pamoja na msimamizi wako.

Kuna jambo linaloniuma, nalo ni wafanyakazi kusemwa kwamba wote walikuwa wamelala nyumbani. Taarifa ya ofisi ya bajeti ya Ikulu ya Agosti 2024 ilionyesha kuwa asilimia 54 ya wafanyakazi wasio wanajeshi wapatao milioni 2.28 walikuwa kazini ana kwa ana muda wote, kwa sababu kazi zao hazifanyiki kwingine. Wauguzi wa hospitali za maveterani na wakaguzi wa nyama hawakuwahi kuwa na chaguo. Waliofanya kazi mbali kabisa na ofisi walikuwa kama asilimia 10. Ni kweli pia kwamba mwaka 2023 wakaguzi wa Bunge, GAO, waligundua kuwa idara 17 kati ya 24 zilikuwa zikitumia robo au chini ya robo ya nafasi ya makao yao makuu. Ukijadiliana na mtu, zitaje taarifa zote mbili. Hoja inayoficha upande mmoja haifiki mbali.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vijana wengi hawaliulizi mpaka limewakuta. Fungua fomu yako ya SF-50, ile inayoandika ajira yako na mabadiliko yake, tafuta palipoandikwa kituo cha kazi. Mtu mwenye ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani kituo chake kilibaki kuwa ofisi, na kwa kawaida alitakiwa afike huko angalau mara mbili katika kila wiki mbili za malipo. Mtu wa kazi ya mbali, kituo chake kiliandikwa nyumbani kwake. Hawa wawili wanaonekana sawa mpaka siku ya mshahara. Posho ya eneo inafuata kituo: mwaka 2025 Washington ilikuwa asilimia 33.94 juu ya mshahara wa msingi, wakati maeneo yasiyo na kiwango chao yalipata asilimia 17.06. Kituo kikibadilishwa, mshahara nao unabadilika. Ukiandikiwa kurudi, usikubali maelezo ya mdomo. Omba SF-50 mpya, na uulize kwa barua pepe unatakiwa kuripoti jengo gani, kuanzia lini, na nani aliyetoa uamuzi.

Ndiyo maana nawasihi sana: msinunue nyumba kwa kutegemea ruhusa ya kukaa nyumbani. Nimewaona ndugu zetu waliohamia West Virginia na Pennsylvania kutafuta nyumba za bei nafuu, wakati wanaingia ofisini siku chache tu. Kwa hesabu ya wakati ule walikuwa sahihi. Leo wengine wanapanda treni ya MARC alfajiri, watoto hawajaamka, na wanarudi usiku. Pima umbali wa nyumba kama mtu atakayeingia ofisini siku tano, hata kama bosi wako wa leo ni mwema. Bosi huhama, lakini mkopo wa nyumba unabaki na wewe.

Mlango ulio imara kuliko yote ni wa afya, na kwetu Waswahili ndio unaoonewa haya. Sheria ya mwaka 1973 ya haki za wenye ulemavu inaitaka serikali kumpa mfanyakazi mwenye ulemavu marekebisho ya kazi yanayofaa, na kufanyia kazi nyumbani kunaweza kuwa mojawapo. Ulemavu hapa haumaanishi kiti cha magurudumu peke yake. Magonjwa ya mgongo, selimundu, sonona na mengine yanaweza kuingia, ikiwa yanabana sana shughuli za msingi za maisha yako. Daktari asiandike tu kwamba unaumwa. Aeleze ni kazi gani inakushinda ukiwa ofisini, kwa sababu gani, na ni nini kitakusaidia. Fahamu pia kwamba mwajiri si lazima akupe kile ulichoomba hasa. Akikupa kitu kingine kinachofanya kazi, ametimiza wajibu wake. Ukikataliwa na ukaona umebaguliwa, una siku 45 tu za kumfikia mshauri wa EEO, anayepokea malalamiko ya ubaguzi, wa idara yako, na siku hizo zinahesabiwa pamoja na wikendi. Usizimalize ukibembelezana na bosi.

Kumtunza mama aliyetoka Tanga au Mombasa kuja kukaa nawe hakuingii kwenye sheria hiyo, kwa sababu inahusu ulemavu wako mwenyewe. Likizo ndiyo itakayokusaidia. Unaweza kutumia mpaka saa 104 kwa mwaka za likizo yako ya ugonjwa kumhudumia mgonjwa wa familia, na zaidi ya hapo kama hali yake ni mbaya. Ukimaliza miezi 12 kazini, kuna pia wiki 12 za likizo ya familia bila malipo. Watu wengi wamechoka kimya kimya ilhali saa hizo wanazo.

Kuhusu vyama, jiungeni. Najua mambo yamekuwa magumu. Mwishoni mwa 2024 AFGE, chama cha wafanyakazi wa serikali kuu, kilipata makubaliano ya kulinda kazi za nyumbani hadi 2029 kwa wafanyakazi wapatao 42,000 wa mamlaka ya hifadhi ya jamii. Februari 2025 OPM ikaelekeza kwamba vipengele vya aina hiyo haviwezi kuizuia serikali kuamua watu wafanyie kazi wapi. Machi 27 amri nyingine ya rais ikaondoa haki ya majadiliano ya pamoja katika idara nyingi kwa hoja ya usalama wa taifa, na vyama vikaenda mahakamani. Hata hivyo ni chama kitakachokuambia ni kesi ipi inakugusa. Mawasiliano hayo yafanye kwa simu yako mwenyewe na barua pepe yako binafsi, nje ya saa za kazi.

Wewe uliye kwenye mwaka wa majaribio, haki yako ya kukata rufaa ukiachishwa ni finyu mno, na Februari 2025 maelfu walio kama wewe waliondolewa kwa barua tu. Usiwe wa kwanza kusimama kikaoni. Lakini ulinzi dhidi ya ubaguzi unao tangu siku ya kuomba kazi, kwa hiyo ombi la afya usiliogope.

Mwisho, waraka wa 2025 ulihusu mahali pa kazi, si saa za kazi. Sheria ya mwaka 1982 ya ratiba nafuu bado inaruhusu idara kukupa wiki ya siku nne za saa kumi, au kupumzika siku moja kila baada ya wiki mbili. Omba hilo mapema, na omba pia ruzuku ya nauli, ambayo mwaka 2025 iliweza kufika dola 325 kwa mwezi. Fomu zake hazianzi kufanya kazi siku ulizokwisha kusafiri, kwa hiyo zijaze wiki ileile unayoripoti.