Jengo la mistari kwenye kadi yako lilikuwa bucha, si kanisa

Habari za jioni, dada. Umekwama kwa sababu kadi ya posta kutoka Ubelgiji ina jengo linalofanana na kanisa, ila maandishi yake yanataja nyama, na pale kwenu Nyakato, Mwanza, kila mtu ana lake.

Anza na kuta. Zikiwa na mistari, matofali mekundu kisha mawe meupe, hadi juu, hiyo ni Vleeshuis ya mji wa Antwerpen, yaani nyumba ya nyama. Likiwa jengo la mawe lililotandaa kwa urefu lakini si la juu, huenda ni nyumba ya nyama ya mji wa Gent, la tangu mwanzo wa karne ya 15. Mimi mwenyewe niliwahi kuyachanganya.

La Antwerpen lilijengwa 1501 hadi 1504 na fundi Herman de Waghemakere, kwa ajili ya chama cha wauza nyama. Chini walikatia na kuuza, juu walifanyia vikao. Chama kilikuwa na fedha na kilitaka ionekane, ndiyo maana kuna minara pembeni na paa lililosimama kama la kanisa. Mistari yenyewe wenyeji huifananisha na nyama iliyopangana na mafuta. Mimi nauza nyama Kirumba, na nilipoambiwa hivyo niliiona papo hapo!

Liko karibu na mto Scheldt, kama soko letu la Mwaloni lilivyo kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1913 liligeuzwa makumbusho, na baadaye yakawa ya muziki. Waonyeshe hao wa nyumbani ile mistari kwanza.