Machozi ya muuguzi mpya

Mdogo wangu, umeeleza kwamba mtoto alipofariki wodini ulilia, ilhali wauguzi wenzako waliendelea kujaza majalada, na sasa unajiuliza kama wewe ni dhaifu au wao hawana utu. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi: mmoja niliyemdhania ana moyo wa jiwe nilimkuta stoo ameshika kanga ya marehemu, mabega yakimtetemeka. Zamu ikiendelea, maliza kwanza kupima dawa, kwa sababu kosa la kipimo laweza kuua, kisha omba ruhusa utoke kidogo, unawe uso, na umweleze mwenzako unayemwamini. Usijilazimishe kutohisi. Hata hivyo, ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, tafadhali mwone daktari au mshauri nasaha.