Mama anachanganya unga wa sarpagandha na vidonge vya presha, aache kipi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 63, tupo Moshi, presha anayo muda mrefu na kliniki wanampa amlodipini ya 5 na atenololi ya 50. Mwezi uliopita shemeji karudi kutoka India alikompeleka mtoto kutibiwa, akamletea mama unga wa mzizi unaitwa sarpagandha, wanasema ni dawa ya Ayurveda (tiba ya jadi ya India) ya presha na usingizi. Anaweka nusu kijiko cha chai kwenye maziwa asubuhi na jioni na vidonge anaendelea navyo. Presha kweli imeshuka, ilikuwa inacheza kwenye 160 sasa inasoma 118 kwa 70, ila pua inaziba usiku kucha, mchana analala sana na siku hizi hata kuongea haongei, anakaa tu. Je hivi vitu vinagongana? Aache kipi? Na kuna mzee hapa anasema huo mti ndio msesewe wetu, ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo mwisho wa yote mama lazima aonwe na daktari, ila ya kufanya leo nakupa hapa hapa kabla ya maelezo.

Unga usimame leo. Sio upunguzwe, usimame. Halafu mkalishe mama dakika tano ametulia, weka vidole vyako viwili kwenye kifundo cha mkono wake upande wa dole gumba, ukisikia mapigo hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili. Ukipata chini ya 50, au mama akisema akisimama anaona kizunguzungu au amewahi kudondoka, mpeleke hospitali leo leo na atenololi inayofuata asimeze mpaka wamuone. Ukipata 50 na kuendelea na hana kizunguzungu, vidonge aendelee navyo kama kawaida na kesho au keshokutwa mwende kliniki. Usije ukaamua mwenyewe kumwachisha atenololi kwa vile presha imeshuka, ile dawa ikikatwa ghafla moyo unaweza kurudi kwa fujo, mapigo yakapanda na presha ikaruka.

Na kuna kitu kingine unatakiwa umuulize leo, najua ni kigumu kumuuliza mzazi lakini kaa naye pembeni umuulize kabisa: mama, unajisikia umechoka na maisha? Umewaza bora usiwepo? Akijibu ndiyo, au akijibu kwa namna inayokutia wasiwasi, usimwache peke yake na hospitali ni leo hata kama mapigo yako sawa. Huko kukaa kimya ulikoniandikia ndiko kumenifanya nijibu swali lako haraka kuliko mengine, na sababu yake nakueleza.

Wengi wakisikia dawa ya mizizi wanadhani ni kitu laini cha kusindikiza vidonge, ila sarpagandha haiko hivyo hata kidogo. Huo mmea jina lake la kisayansi ni Rauvolfia serpentina, kichaka kifupi ambacho mara nyingi hakifiki hata mita moja, kinaota India, Sri Lanka, Bangladesh mpaka Thailand na Java, na waganga wa Ayurveda wameutumia mzizi wake karne na karne kwa wendawazimu, kukosa usingizi na homa, hata kwa aliyeumwa na nyoka (kwa nyoka usimjaribie mtu, aliyeumwa na nyoka anakimbizwa hospitali). Mwaka 1931 madaktari wawili wa India, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba mzizi huo unatuliza wagonjwa wa akili na unashusha presha. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil wa Bombay akachapisha matokeo ya wagonjwa wake wa presha kwenye jarida la moyo la Uingereza, hapo ndipo dunia nzima ikageuka kutazama, na mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Ciba kule Uswisi wakachambua ndani ya mzizi wakapata resapini, wakaiuza kwa jina la Serpasil. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa dawa ya presha ya hospitalini kabisa. Ule utafiti maarufu wa maveterani wa Marekani uliotoka mwaka 1967, uliothibitisha kwamba kutibu presha kali kunaokoa watu na kiharusi na moyo kufeli, resapini ilikuwa mojawapo ya dawa tatu walizopewa wale wagonjwa.

Kwa hiyo shemeji hakudanganywa, na mimi siidharau Ayurveda, ule mzizi unashusha presha kweli na umeona mwenyewe kwenye mashine. Tatizo ni kwamba mama sasa hivi yupo kwenye dawa TATU za presha, sio mbili, na hiyo ya tatu hakuna anayejua anameza kiasi gani.

Tupige hesabu. Enzi zile Marekani walikuwa wanauza vidonge vya unga wa mzizi huu huu, vya miligramu 50 na vya 100, na kwa kawaida mtu mzima alikuwa anameza kati ya miligramu 50 na 200 kwa siku. Sasa nusu kijiko cha chai cha unga wa mzizi, kwa makadirio, ni kama gramu moja au zaidi kidogo, mama anaweka mara mbili, hiyo ni gramu mbili kwa siku, yaani miligramu 2000, mara kumi ya kile cha juu. Na hapo nachukulia unga ni safi, maana resapini haikai sawa kwenye kila mzizi, inategemea mmea umekuzwa wapi, umechimbwa na umri gani na wamesaga mzizi mzima au ganda lake tu ambako ndiko dawa nyingi ilipo. Kopo la leo na kopo la mwezi ujao vinaweza kutofautiana sana hata kama lebo ni ile ile.

Sasa inafanyaje kazi, maana ukielewa hapa utaelewa pua, usingizi na ukimya kwa pamoja. Mishipa ya fahamu inatunza kemikali zake kwenye vifuko vidogo vidogo mwishoni mwa mshipa, noradrenalini, dopamini, serotonini, ikitakiwa kutuma ujumbe inazimwaga. Resapini inaziba mlango wa kuingizia kemikali kwenye vile vifuko. Chukulia ghala la mahindi ambalo kila siku watu wanachota lakini mlango wa kuingizia gunia jipya umezibwa, siku za mwanzo huoni tofauti, wiki zikipita ghala linakauka. Noradrenalini ikiisha mishipa ya damu inalegea, presha inashuka, lakini na mishipa ya ndani ya pua inalegea vile vile, inavimba, pua inaziba, ndio maana hamna mafua wala kikohozi lakini usiku mama anapumua kwa mdomo. Mapigo ya moyo nayo yanapungua. Tumboni asidi inaongezeka, kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo hii dawa hatakiwi kuigusa kabisa. Na kichwani, serotonini na dopamini zikipungua mtu anakuwa mzito, analala, anaota ndoto mbaya, wengine wanaanza kutetemeka na kutembea kwa kukakamaa kama wagonjwa wa Parkinson, na wengine wanazama kwenye sonona. Hiyo sonona iliandikwa kwenye maonyo ya resapini tangu zamani, kwamba inaweza kufika mpaka mtu kutaka kujiua na inaweza kuendelea miezi kadhaa hata baada ya dawa kuachwa. Kwa hiyo mama sio kwamba kanuna au uzee umeanza, naomba na ndugu wengine hapo nyumbani uwaambie hilo.

Kuhusu kugongana: ndiyo, zinagongana, na ya kuogopa zaidi ni atenololi. Atenololi inaziba sehemu ambazo noradrenalini inagusa kwenye moyo, resapini inamaliza noradrenalini yenyewe, moyo unabanwa huku na huku, mapigo yanaweza kushuka mpaka mtu akadondoka bafuni. Amlodipini inaongeza tu kushusha presha, hasa mama akiinuka haraka kitandani. Kama katika ukoo kuna mzee mwingine kaonjeshwa huo unga na anatumia digoksini ya moyo, au levodopa ya Parkinson, au dawa za sonona, naye aache na aseme kliniki. Wajawazito na wanaonyonyesha wasiuguse, resapini inavuka kwa mtoto na kichanga anaweza kuzaliwa pua imeziba na hanyonyi vizuri.

Ukishausimamisha usitegemee kesho mama atakuwa mchangamfu. Resapini ikishashika inashika moja kwa moja, mwili lazima utengeneze milango mipya ndipo vifuko vijae, hivyo madhara yanaondoka taratibu kwa siku nyingi, wiki mbili na zaidi. Kwa muda huo pima presha asubuhi kabla ya vidonge na jioni, andika kwenye daftari pamoja na mapigo. Presha itaanza kupanda pole pole, hiyo isiwatishe mkarudisha unga, maana huko ndiko daktari anakotakiwa kuangalia kama amlodipini iende 10 au waongeze dawa nyingine. Mimi kilichonigusa kwenye barua yako ni kwamba mama alikuwa anacheza kwenye 160 akiwa na vidonge viwili, hiyo maana yake matibabu yake yalikuwa hayamtoshi tangu mwanzo na ndio maana familia ikatafuta kingine. Hilo liseme kliniki waziwazi. Na mwambieni daktari kuhusu huo unga, wala msiogope kufokewa, nendeni na kopo lenyewe lenye lebo, sio maelezo ya mdomo. Akitakiwa kufanyiwa upasuaji au hata kung'olewa jino kwa dawa ya usingizi ndani ya wiki hizi, mtoa usingizi lazima ajue.

Lebo yenyewe isome vizuri. Kama unga umechanganywa na vitu vingine vya Ayurveda, hasa zile zinazotengenezwa kwa madini, uliza kuhusu risasi na zebaki, maana mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zinauzwa maduka ya Boston, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Sisemi ya mama ni hivyo, mzizi mtupu kwa kawaida hauna shida hiyo, ila kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala tarehe mimi nisingempa mtu yeyote.

Haya, msesewe. Mzee hajakosea sana ila hajapatia. Msesewe wa Kilimanjaro ni Rauvolfia caffra, ni ndugu wa jenasi moja na sarpagandha lakini ni mti mkubwa wa mitoni sio kichaka, na magome yake ndio mnatia kwenye mbege kupata ule uchungu. Kuna ndugu mwingine, Rauvolfia vomitoria, huyo anaota Kongo na mizizi yake ilisafirishwa sana Ulaya kutolewa resapini hiyo hiyo. Undugu lakini hauna maana dawa ni ile ile au kiasi ni kile kile, kila mmoja ana mchanganyiko wake wa alkaloidi, yaani kemikali za mmea zenye nguvu ya dawa kama resapini, kwa hiyo kumchemshia mama magome ya msesewe baada ya kuacha unga itakuwa mmerudi pale pale, na kwa wiki hizi mbege nayo aiweke pembeni, pombe juu ya resapini inazidisha usingizi na kushusha presha zaidi.

Ukishahesabu hayo mapigo niandikie namba uliyopata, na ukitoka kliniki niambie wamebadilisha nini nikuangalizie kama vinaendana.