PSA imeshuka hadi 0.4: naweza kuacha sindano?

SWALI: Daktari, nina miaka 73, naishi Ngamiani, Tanga. Nina saratani ya tezi dume iliyofika mifupa ya kiuno. Nachomwa sindano ya homoni kila miezi 3. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 92, sasa ni 0.4. Ila usiku joto hunipanda ghafla mpaka shuka linalowa, nguvu zimeniisha, na mambo ya chumbani ndiyo basi tena. Kwa kuwa PSA imeshuka, siwezi kupumzika sindano?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Hiyo 0.4 ni habari njema, lakini nakuomba usiache sindano kwa uamuzi wako. PSA imeshuka kwa sababu ya sindano. Saratani hii hustawishwa na testosteroni, homoni ya kiume ambayo nyingi hutengenezwa na korodani kwa amri ya ubongo. Sindano inaikata amri hiyo. Seli nyingi za saratani hufa au kunywea, ila zipo zinazobaki, na homoni ikirudi huanza kukua tena. Wapo wagonjwa ambao daktari huwapumzisha kwa muda huku akifuatilia PSA, lakini ugonjwa ukishafika mifupani kama wako, mimi sishauri hivyo kwa wepesi. Kama kinachokusumbua ni gharama au safari za kliniki, uliza kuhusu upasuaji wa kutoa korodani: hufanya kazi ileile, mara moja tu. Najua wazee wengi hawapendi hata kuusikia.

Joto la usiku linatokana na kukosa homoni. Jioni punguza chai ya moto na pilipili, lala na kikoi chepesi. Likizidi, dawa za kulipunguza zipo. Lakini ukitetemeka na kuumwa kichwa, kapime malaria, usiisingizie sindano.

Ninachokihofia zaidi ni mifupa. Bila testosteroni hupungua uimara, misuli nayo husinyaa, na mzee akianguka nyonga huvunjika. Tembea kila siku, asubuhi kabla jua halijawa kali. Hata kufika Raskazone na kurudi kwa gari, ukatembea huko ufukweni, inafaa. Mazoezi ndiyo dawa bora ninayoijua ya uchovu huo. Kula dagaa na mifupa yake, kunywa maziwa, acha sigara. Uliza kama unahitaji vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Njia ya chooni iwe na taa usiku. Sukari na presha zipimwe pia, maana sindano hizi huweza kuzipandisha.

Ya chumbani, mweleze mama nyumbani kwamba ni dawa, asije akadhani humtaki. Nenda naye kliniki ikiwezekana.

Mwisho, hili lisisubiri tarehe ya kliniki: mgongo ukiuma kwa namna mpya, miguu ikalegea au kufa ganzi, au mkojo ukaziba, nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo, hata iwe usiku. Uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na ukichelewa miguu huenda isirudi.