Mhusika Wako Haijui Kesho Yake

Wengi wanaoanza kuandika riwaya ya kihistoria huhofia kwamba hawajasoma vya kutosha. Kusoma utasoma tu, na pengine utapitiliza. Kazi ngumu ni kuyasahau uliyoyasoma pale mhusika anapofungua mdomo.

Chukua Agosti 1914. Wewe unajua kwamba Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilikwisha Novemba 1918 na kwamba viliua mamilioni. Mama anayemsindikiza mwanawe stesheni hajui lolote kati ya hayo. Ulaya wakati ule wengi walitarajia vijana wawe wamerudi kufikia Krismasi. Ukimliza kama mfiwa, hayo ni machozi yako. Mwache amgombeze kijana kwa kusahau soksi.

Vitu vidogo navyo vina mipaka yake. Tuseme ni mwaka 1790, usiku, na mhusika wako anataka kusoma barua ya siri. Njiti za kiberiti za kusugua zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1827, kwa hiyo hana. Ama apulize kaa lililofukiwa kwenye jivu, ama agonge chuma kwenye jiwe mpaka cheche inase kwenye kitambaa kilichounguzwa, ndipo apate moto wa kuwashia mshumaa. Inachukua muda, ina kelele, na chumba cha pili kuna mtu amelala. Hofu ya tukio zima umeipata bure, bila kumsimulia msomaji historia ya kiberiti. Ukiona umeanza kumsimulia, futa, hata kama uliitafuta taarifa hiyo kwa jasho.

Katika kazi ya kila siku, andika kwanza. Ukikwama kwa sababu hujui nauli ya meli au kitambaa cha gauni, weka alama ya nyota, songa mbele, utafute jioni. Anayeacha sentensi katikati ili achungulie mtandaoni "kidogo tu", mchana humkuta akisoma habari za nanga.

Halafu usianzie kwenye vitabu vya wafalme na mapigano. Mimi huthamini zaidi kumbukumbu za mahakama na orodha za mali za marehemu. Mahakamani ndipo mtumishi wa ndani anaposikika akieleza alikuwa wapi na nani alimtukana nani; kwenye orodha ya mirathi unakuta hata sufuria iliyotoboka imetiwa bei. Matangazo ya magazeti ya zamani yanafaa pia, ila yanaonyesha kilichouzwa, si lazima kilichonunuliwa.

Tarehe zina mitego. Uingereza ilihamia kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo, mwaka 1752: baada ya Septemba 2 ikafuata Septemba 14. Ufaransa ilikwishahama tangu 1582. Kwa hiyo barua iliyoandikwa Paris Juni 10, 1740 ingeweza kupokewa London, iliyokuwa bado nyuma kwa siku kumi na moja, Juni 4, na mfanyabiashara aliyezoea asishtuke hata kidogo. Usimshtue.

Mazungumzo usiyajaze misamiati iliyokufa. Ondoa tu fikra za leo: mkulima wa karne ya 17 hasemi ana msongo wa mawazo, atasema usiku halali.

Na ukilazimika kusogeza tukio la kweli ili hadithi iende, lisogeze, kisha useme hivyo kwenye maelezo ya mwisho wa kitabu. Aya moja inatosha.