Maswali ya Wasomaji: Dereva Mbele ya Kizuizi cha Polisi

SWALI: Bwana Mhariri, mimi huendesha gari la abiria kati ya Malindi na Gongoni. Ijumaa moja jioni, nilipokwisha kuvuka daraja la Sabaki, nilisimamishwa kwenye kizuizi na, nakiri, sikuwa nimefunga mkanda. Afisa alichukua leseni yangu akaitia mfukoni, kisha akaniambia nitoe shilingi elfu mbili, la sivyo nitalala seli hadi Jumatatu. Abiria walikuwa wameanza kunung'unika kwa kucheleweshwa, nikatoa. Je, angeweza kunifungia kweli?
Dereva, Malindi

JIBU: Ndugu yangu, kosa lipo, lakini bei uliyotajiwa haimo katika sheria yoyote. Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 zimeweka shilingi 500 kwa asiyefunga mkanda gari likiwa linakwenda, na utaratibu wake ni kwamba afisa hukuandikia ilani inayotaja kosa lenyewe. Ukilikiri unalipa na kupewa stakabadhi, ukilikana unakwenda kujieleza mbele ya hakimu. Umelipa mara nne ya faini, tena bila hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba jambo hilo limekwisha.

Kuhusu kulala seli, tisho la Ijumaa jioni lina mzizi katika sheria, na ndiyo maana linawatisha wengi. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, ila saa hizo zikiishia wakati ambapo mahakama haiketi, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Lakini wanaolitumia tisho hilo huyanyamazia mengine yaliyomo katika kifungu hicho hicho: kwamba mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, kwamba ana haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa, na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili. Kosa la mkanda ni la faini. Hata kama ungepelekwa kituoni, ungeomba dhamana, na kama ni ya fedha, ungedai stakabadhi ya serikali, kwa sababu fedha hizo ni amana inayorudishwa kesi ikimalizika iwapo umefika mahakamani kama ulivyoagizwa.

Leseni nayo, Sheria ya Trafiki (Sura ya 403) inakutaka uwe nayo na uitoe ili ikaguliwe. Kuikagua ni jambo moja. Kuitia mfukoni mpaka dereva atoe pesa ni jambo jingine kabisa, na halina jina zuri. Afisa aliyevaa sare anapaswa kuwa na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana wazi. Isome, uikariri, na baadaye uiandike pamoja na saa na mahali. Kisha uliza kwa adabu: «Afande, nimekosa nini, na naomba uniandikie.» Usimpandishie sauti, wala usiliondoe gari kabla hajakuruhusu, kwani hapo utakuwa umeongeza kosa jingine la kweli.

Sasa niseme lililo zito. Sheria ya Hongo ya 2016 humhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji, na adhabu inaweza kufika miaka 10 gerezani au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Linaniumiza kulisema kwa mtu aliyebanwa barabarani na abiria nyuma yake, lakini ndiyo hali yenyewe: dereva akishatoa, huogopa kushtaki, na kizuizi kinaendelea kula. Safari nyingine, kubali kuandikiwa. Malalamiko dhidi ya afisa hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi (IPOA), ambayo ina ofisi Mombasa na hupokea simu bila malipo kwa namba 1559. Ya hongo hupelekwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

SWALI: Nasafiri mara kwa mara kutoka Mokowe kupitia Witu. Je, polisi wanaweza kupekua mizigo na kutupapasa sisi wanawake bila hati ya mahakama?
Msomaji, Lamu

JIBU: Dada, gari na waliomo wanaweza kupekuliwa bila hati pale ambapo afisa ana sababu ya kushuku, kwa mfano, kwamba kuna mali ya wizi. Unaweza kumuuliza sababu hiyo. Ama kupapaswa, kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai (Sura ya 75) hakina utata: mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha kikamilifu. Ikiwa kwenye kizuizi cha barabarani hakuna afisa wa kike, una haki ya kukataa kuguswa na kutaka aitwe.