Maneno ya dukani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kadi ya Valentine ni mapenzi au ni biashara? Nimecheka peke yangu, maana naishi Worcester, Massachusetts, mji ulioikuza biashara hiyo Marekani. Esther Howland, binti wa muuza karatasi na vitabu, alimpa kaka yake sampuli azunguke nazo, akitarajia oda za dola 200. Kaka akarudi na za zaidi ya 5,000! Esther akawapanga wasichana mezani, huyu akate picha, yule abandike. Mwenyewe alifariki 1904, hakuwahi kuolewa. Basi, biashara. Nilitaka niishie hapo.

Ila kuna bibi mmoja ninayemhudumia. Februari iliyopita aliniagiza nimshushie boksi la kofia juu ya kabati. Ndani mlikuwa na kadi ya enzi hizo, ya ukoo wao, haizidi kiganja. Lesi yake ya karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na chini yake kimewekwa kipande chekundu kinachong'aa ili matundu yaonekane. Njiwa wawili, midomo imegusana. Kitoto chenye mbawa na upinde, mashavu kama maandazi.

Nikaifungua. Shairi limebandikwa, pembe moja imebanduka, na chini yake naona maandishi mengine. Kumbe mwaka 1879 kampuni ya Esther ilitoa kitabu cha mashairi, mteja asiyependa lililomo achague jingine, libandikwe juu yake. Yaani kuna mtu alisoma lile la kwanza akasema hapana, halimfai huyu. "La chini lilikuwa baridi," bibi akaniambia. Nikabaki nimekodolea macho ile pembe mpaka uji wake ukapoa.

Nikamkumbuka mama, Tanga, akipindua kanga dukani nusu saa nzima, muuzaji kanuna, mpaka alipate jina la kumfikia wifi yake. Maneno yalitoka kiwandani, lakini wifi hakuuliza yametoka kwa nani.

Kwa hiyo sasa nayumba. Kadi iliyookotwa supamaketi saa mbili usiku, mtu yuko foleni na maziwa, bado nasema biashara. Ya kukataliwa shairi moja na kubandikwa jingine, hiyo ningeipokea. Mume wangu tu asije akasoma hapa akadhani nimelisamehe lile dubu jekundu la mwaka juzi.